Mita Moja na Nusu

Msanifu majengo alikuja kwenye vifusi akiwa amevaa koti jeupe, na hilo peke yake lilitosha kumpandisha mori Inspekta Vesela Dragneva.

Alhamisi jioni kwaya ya mji wa Gorna Lipa ilikuwa mazoezini katika jumba la utamaduni, imejipanga juu ya roshani ya ndani inayotazama ukumbi. Katikati ya wimbo roshani ikaporomoka. Yordanka Peeva, mkunga mstaafu aliyewapokea duniani nusu ya watu wa mji ule, alifia palepale. Nevena Hadzhieva, binti wa miaka kumi na tisa, alifia njiani akipelekwa hospitali. Wengine walikuwa wodini na miguu ya plasta. Sasa ilikuwa Jumatatu asubuhi, theluji ya Februari ikiingia kwa madirisha yaliyopasuka, na jumba lenyewe halijatimiza mwaka tangu likarabatiwe na meya kukata utepe.

"Tuelewane mapema, Inspekta," alisema Lyubomir Zhekov, huyo msanifu, akikanyaga kwa uangalifu asichafue viatu. "Jengo likipendeza, niite mimi. Likianguka, muite injinia."

Vesela alimgeukia. Jina lake kwa lugha yao maana yake ni mchangamfu, na kituoni walishaacha kulifanyia mzaha.

"Rudia."

"Nirudie nini?"

"Hilo ulilosema sasa hivi. Sajini hajamaliza kuandika."

Sajini Toncho, mtu wa makamo mwenye mafua yasiyoisha, aliinua kalamu na kusubiri. Zhekov hakurudia. Alivua miwani, akaipangusa, akaanza upya kwa sauti ya mtu aliyezoea kuhutubia wanafunzi.

"Watu wanachanganya kazi hizi mbili. Mimi naanza na mtu. Ataingia kwa mlango gani, mwanga utamkuta wapi, akiketi ataona nini, chumba kitamfanya ajihisi mgeni au mwenyeji. Nikishamaliza, nampa injinia. Yeye anaanza na uzito. Boriti iwe nene kiasi gani, nguzo ngapi, zisimame juu ya nini. Mimi nabuni, yeye anahesabu. Michoro miwili, saini mbili. Na kilichoanguka hapa, Inspekta, ni hesabu."

"Una hakika kabla hatujafukua?"

"Roshani haianguki kwa sababu ya rangi ya ukuta."

Vesela alitazama juu. Roshani ilikuwa boriti moja ndefu ya chuma iliyokamatwa na kuta mbili, na katikati yake ilibebwa na nguzo moja nyembamba. Ncha zote mbili zilikuwa bado ukutani. Katikati ndipo palipozama, roshani nzima ikawa kama kitanda kilichokatika chaga. Mwendesha mashtaka alikwishampigia simu alfajiri akitaka mtu mmoja kabla ya jioni: ama fundi aliyechomelea chuma, ama wanakwaya wenyewe kwa kupiga miguu wakiimba. Waandishi wa habari kutoka mji mkuu, Sofia, walikuwa wamejaa mlangoni.

"Ukuta ule wa mbele una nini?" Vesela aliuliza. Nyuma ya vumbi zilionekana rangi: wavunaji, miganda ya ngano, jua kubwa la vigae vya dhahabu.

Uso wa Zhekov ulifunguka kwa mara ya kwanza. "Hicho ndicho kilichonifanya niikubali kazi hii. Picha ya vigae, ya wazee wetu. Kwa miaka mingi walikuwa wameifunika kwa mbao. Niliifunua. Ukiingia tu mlangoni, inakupokea yote, bila kizuizi."

"Watu wawili wamekufa, Msanifu."

"Najua hilo."

"Ulikuwa hujataja."

Walitoka wote hadi barazani. Kwenye ubao wa mlango mzee mmoja alikuwa akibandika tangazo la msiba, karatasi yenye picha ya mwanamke mnene anayecheka. Vidole vyake vilikuwa vimejaa gundi. Huyo alikuwa Kiril Peev, mume wa mkunga. Alimwona Zhekov akaacha kubandika.

"Lyubo."

"Pole sana, mzee wangu. Kwa kweli sina maneno."

"Maneno unayo, hujawahi kuishiwa. Mke wangu ndiye aliyekutoa tumboni mwa mama yako. Ulikuja matako kwanza. Alipambana nawe mpaka jasho likamlowesha viatu. Kila ukitokea kwenye televisheni ananiita, Kiril, njoo umwone mtoto wangu." Mzee alimsogelea. "Sasa niambie mimi. Ulimjengea nini?"

"Mzee, mambo ya chuma na uzito si kazi yangu. Hilo ni la injinia."

Kiril alimpiga kofi la mkono wenye gundi. Halikuwa na nguvu, lakini karatasi ya tangazo iliyokuwa kiganjani ilibaki imemganda msanifu kwenye kola ya koti jeupe, picha ikitazama nje. Toncho alipiga hatua kumzuia mzee. Vesela alimshika sajini mkono.

"Umeona, Inspekta?" Zhekov alisema, akibandua karatasi. "Nimepigwa mbele yako."

"Nilikuwa naangalia theluji. Nenda, lakini usitoke mjini."

Msanifu alipoondoka, Kiril alifuta mikono kwenye suruali. 

"Na yule mwenzake msimwache," alisema. "Injinia. Siku ya ufunguzi kulichomwa kondoo uani, mji mzima ulikula. Yeye alizungukazunguka ndani, kisha akaondoka hata mfupa hakugusa. Anayekimbia kondoo wa kuchoma ana jambo."

Injinia Asparuh Minchev aliishi ghorofa ya nne ya jengo la zamani lisilo na lifti. Aliwafungulia akiwa na sweta lililotoboka viwiko, hakuwakaribisha kahawa. Alikuwa amevimba macho.

"Amekwisha kuwaambia kwamba mimi ni kikokotoo chenye miguu?"

"Amesema kazi ni mbili na saini ni mbili," alisema Vesela.

"Basi leo kasema kweli, mwandikeni kwenye kalenda." Minchev aliketi kwa kishindo. "Msanifu anachora kofia. Mimi naitafutia shingo ya kuibeba. Kofia ikipendeza, anasifiwa mwenye kofia. Shingo ikivunjika, polisi wanapanda ngazi kwangu. Mama, uzito hauna adabu. Haujali nani kapewa tuzo. Lazima ushuke chini, na kazi yangu ni kuuonyesha njia: sakafu iipe boriti, boriti iipe nguzo, nguzo ilipe zege, zege liipe ardhi. Ukiikata njia hiyo, uzito haurudi nyumbani. Unatafuta njia yake."

"Na hapa uliuonyesha njia gani?"

"Nguzo ya kati ilikaa juu ya kitako cha zege kilichoingia ardhini kina cha mtu mzima. Mwenyewe nilisimama shimoni wakikimwaga. Roshani ile ingebeba kundi la nyati, sembuse kinamama wa kwaya."

"Mbona imeanguka?"

"Muulize aliyebuni."

"Nakuuliza wewe. Mnaongea, wewe na yeye?"

Minchev aligeukia dirisha. "Tunatumiana michoro. Mwaka juzi alinicheka mbele ya meya na baraza zima. Alisema nikiachiwa mimi, mji huu ungekuwa mabohari ya viazi matupu. Watu walicheka mpaka wakalia. Tangu siku hiyo sina la kumwambia."

"Kazi ilipokwisha ulikwenda kuitazama?"

"Nilikwenda siku ya ufunguzi."

"Ukaona nini?"

"Watu wengi. Mvinyo mbaya."

"Nguzo je?"

"Ilikuwepo," alisema injinia, akasimama kuonyesha kwamba mazungumzo yamekwisha.

Kituoni Vesela aliweka mchoro wa msanifu juu ya mchoro wa injinia, akaibana yote miwili kwenye kioo cha dirisha. Mistari ililaliana bila kupishana hata unywele. Nguzo ya kati ilikuwa mahali pamoja kwa wote wawili. Karatasi zilikuwa safi kuliko waliozichora.

"Kwa hiyo ni fundi wa kuchomelea," alisema Toncho na kupenga kamasi.

"Ngoja nimpigie mtaalamu wa vyuma kwanza."

Mtaalamu alijibu akiwa bado juu ya ngazi kule jumbani. Alikuwa amekagua maungio yote ya boriti. Hakuna hata moja lililoachia. Vyuma vilikuwa vimepinda, havikukatika, na aliyevichomelea alijua kazi yake. Vesela alikata simu, akampigia mwendesha mashtaka kumwambia kwamba fundi yuko nje ya kesi.

"Basi ni kupiga miguu," alisema mwendesha mashtaka.

"Walikuwa wakiimba wimbo wa maombolezo, bwana. Nani anapiga miguu kwenye maombolezo?"

"Vesela, mimi nahitaji jina."

"Utalipata. Likiwa la kweli."

Mchana winchi ilikuwa imekwisha kuinua mbao na vipande vya sakafu ya roshani. Vesela aliingia ukumbini akiwa na kipande cha mkate wa jibini mkononi, akasimama, akaacha kutafuna. Nguzo ya kati ilikuwa imesimama wima katikati ya ukumbi, haikupinda, haikuinama. Kichwa chake kilikuwa kimekaa chini ya boriti kama kawaida, bolti zote zimo. Ila kichwa hicho kilikuwa usawa wa kiuno chake.

"Toncho, roshani ilikuwa juu kiasi gani?"

"Mtu alipita chini akiwa na mtoto mabegani."

"Sasa nguzo yote hiyo imekwenda wapi?"

"Imevunjika."

"Ingevunjika, kipande cha pili kingekuwepo. Kiko wapi?"

Sajini alitazama huku na huko. Kisha akatazama pale chini, nguzo ilipoingia kwenye mbao za sakafu, na mdomo wake ukabaki wazi. Nguzo haikuvunjika. Ilikuwa imezama, kama msumari uliogongwa kwenye keki.

"Chini ya hapa kuna nini?" Vesela alimuuliza mfanyakazi wa winchi. Hakujua. Mchoro wa msanifu haukuonyesha kitu, na wa injinia ulionyesha kitako tu. Aliyejibu alikuwa Kiril Peev, ambaye alikuwa hajaondoka barazani tangu asubuhi.

"Stoo ya makaa," alisema. "Ya zamani, ya enzi za majiko. Tulikuwa tunajificha humo na Yordanka, kabla baba yake hajanikubali. Mlango uko nyuma, chini ya ngazi."

Mlango ulifunguka kwa bega la Toncho. Ndani kulikuwa na unyevu na harufu ya masizi. Dari lilikuwa tao la matofali ya kale, na katikati yake kulikuwa na tundu lenye meno, na kutoka kwenye tundu lile nguzo ya chuma ilikuwa imeshuka mpaka chini, bamba lake la miguuni limekita kwenye vumbi la makaa. Vesela alizungusha tochi. Kupitia matofali yaliyobomoka ya ukuta wa stoo, pale ardhi ilipoanzia, lilitokeza ubavu wa zege jipya la kijivu, pana, imara kama jabali.

Alipanda juu akahesabu kwa hatua. Zege lile lilitakiwa kuwa chini ya mahali ambapo palikuwa na chungu kikubwa cha ua, mti wa mpira wenye majani mapana, umejaa vumbi la plasta. Walikisukuma chungu wakiwa wawili, wakang'oa mbao. Kitako cha injinia kilikuwa pale, kimenyooka, na bolti zake nne zilisimama zikiwa na grisi yake ya kiwandani. Hakuna kitu kilichowahi kukaa juu yake isipokuwa ua.

Toncho alinyoosha futi kutoka kwenye bolti hadi kwenye tundu.

"Mita moja na nusu," alisema, na kwa mara ya kwanza siku hiyo hakupenga kamasi.

Boyko Gadzhev, msimamizi wa ujenzi, aliletwa kituoni kutoka kazini, buti zikiwa na zege bichi. Alikuwa jitu la mtu, na alianza kulia kabla hajaulizwa.

"Nani alihamisha nguzo?"

"Mimi na vijana wangu, mama."

"Kwa akili yako?"

"Hapana. Msanifu alikuja, akasimama mlangoni, akasema nguzo inakata picha ya ukuta. Inampitia mvunaji mmoja usoni. Akasema isogezwe upande wa kushoto. Nikamwambia, Msanifu, hilo tumuulize Injinia. Akasema, hapa mkuu wa mradi ni nani? Nikasema wewe. Akasema basi umekwisha kuuliza."

"Hukumpigia injinia?"

"Nilipiga. Nikamwambia, Injinia, njoo, Msanifu anataka kusogeza nguzo. Akaniuliza, amekutuma yeye uniite? Nikasema hapana, mimi mwenyewe. Akasema, akinihitaji ana namba yangu, na aniombe mwenyewe. Akakata simu." Boyko alijifuta macho kwa mkono wa koti. "Sakafu ilionekana ngumu, mama. Juu walikwisha kumwaga zege jepesi. Sikujua kuna shimo. Mimi nilikuja na sakafu imekwisha kufunikwa."

"Ulijua si mahali pake."

"Nilijua."

"Basi kaa hapo."

Vesela alitoka nje, akasimama uani bila koti mpaka masikio yakauma. Aliporudi alimpigia simu Kiril Peev na kumuuliza jambo moja tu kuhusu siku ya ufunguzi. Alisikiliza hadi mwisho. Kisha akaagiza wote wawili waletwe ukumbini.

Waliletwa kwa magari mawili. Walisimama pande mbili za tundu, msanifu na koti lake lenye doa la gundi, injinia na sweta lake, na hakuna aliyemtazama mwenzake. Kiril aliketi kwenye kiti cha nyuma. Vesela hakumkataza.

Zhekov aliona bolti zile nne wazi sakafuni, akaelewa kabla hajaambiwa.

"Mita moja na nusu," alisema kwa sauti ndogo. "Nilisogeza kitu kimoja mita moja na nusu. Hayo ni mabadiliko ya kawaida ya mpangilio. Msanifu anasogeza vitu kila siku. Milango, ngazi, kuta."

"Nguzo ni kitu?" Minchev aliuliza, bado akitazama ukuta. "Ni kabati?"

"Mimi sikujua kuna stoo!"

"Hukujua kwa sababu kujua haikuwa kazi yako. Ilikuwa yangu. Niliingia humo na tochi, nikapima, nikaweka kitako nje ya tao makusudi. Ungeuliza ningekuambia kwa neno moja. Neno moja, Zhekov. Lakini wewe uulize nani, mtu wa mabohari ya viazi?" Sasa alikuwa amemgeukia, mishipa ya shingo imemtoka. "Umewaua kwa sababu ya sura ya mvunaji wa vigae!"

"Umemaliza?" aliuliza Vesela.

"Nimemaliza. Mchukueni."

"Bado. Siku ya ufunguzi ulikuja humu ndani, Injinia. Ulisema nguzo ilikuwepo. Ilikuwepo wapi?"

Minchev alirudisha macho ukutani.

"Mzee Kiril," alisema Vesela bila kugeuka, "hebu yarudie uliyoniambia kwenye simu."

Mzee alisimama, akashika kiti cha mbele yake.

"Yordanka alikuwa anazungusha keki. Akamkuta Injinia amesimama peke yake penye nguzo, anagonga sakafu kwa kisigino. Hapa anagonga, anasikiliza. Pale anagonga, anasikiliza. Mke wangu akamwambia, vipi, Injinia, kuna tatizo? Nilikuwa hatua mbili nyuma yake na vikombe." Mzee alimtazama injinia. "Akasema, hakuna, mama. Ukumbi mzuri."

Nje mtu alikuwa akikwangua theluji kwa koleo.

"Ulisikia utupu chini ya kisigino chako," alisema Vesela. "Unaijua stoo ile kuliko mtu yeyote aliye hai. Kwa nini ulinyamaza?"

"Nilidhani..." Injinia alilamba midomo. "Nilidhani itaonyesha ufa kwanza. Sakafu itatitia kidogo, vidole viwili, plasta ipasuke, wamuite Zhekov. Mbele ya meya. Nilitaka aje kwangu kuniomba, kofia mkononi."

"Ulitaka ufa."

"Nilitaka ufa tu."

"Miezi tisa watu wamekuwa wakipanda juu ya roshani ile. Wewe ukiwa nyumbani unasubiri simu."

"Nilipanga kusema. Kila wiki nilipanga."

Zhekov alipumua kama mtu aliyetuliwa mzigo. "Kwa hiyo alijua. Inspekta, andika kwamba alijua."

Vesela alimfuata mpaka pua zao zikakaribiana, na ingawa hakupaza sauti, Toncho aliweka mkono karibu, huenda akalazimika kumzuia bosi wake.

"Wewe ulijibu swali lisilokuwa lako. Yeye alinyamazia swali lililokuwa lake. Mimi nitawapeleka wote kwa mlango mmoja, na mkitaka kubishana nani mkubwa, mtabishana mkiwa ndani. Toncho, pingu. Na Boyko aandikiwe mashtaka yake. Alijua si mahali pake."

Simu yake ililia. Mwendesha mashtaka alitaka jina.

"Ni matatu," alisema Vesela.

"Nilikuomba moja."

"Ningekuwa na moja ningekuwa nimekudanganya." Alikata.

Toncho alikuwa amekwisha kumfunga msanifu na sasa alikuwa akimfunga injinia, ambaye alinyoosha mikono yote miwili kwa utiifu kama mtoto anayevalishwa glavu. Ndipo Vesela alipofikiria kitu, akamgeukia Minchev.

"Ulisema mmeacha kuongea tangu mwaka juzi."

"Ndiyo," alisema Minchev.

"Tangu mwaka juzi mmejenga nini kingine pamoja?"

Wanaume wale wawili walitazamana kwa mara ya kwanza siku ile.

"Chekechea ya mtaa wa juu," alisema Zhekov taratibu. "Ukarabati mdogo tu. Tulipanua mlango baina ya chumba cha michezo na chumba cha kulala, wapate mwanga. Tulibomoa kipande cha ukuta."

"Nilichora boriti juu ya uwazi ule," alisema Minchev. "Uwazi wa mita mbili."

"Mimi..." Msanifu alitazama pingu zake. "Mita mbili zilikuwa finyu. Nilipanua."

"Kiasi gani?"

Vesela alikuwa amekwisha kufika mlangoni, akipiga simu ya zimamoto huku akikimbia.

Kwenye chekechea watoto walitolewa wakitoka kulala, wengine na kandambili, wengine na soksi, blanketi mabegani, wakipangwa kwenye theluji mbali na jengo. Mwalimu mkuu, mwanamke mrefu aliyefunga nywele kwa kalamu, alikuwa na hasira za kuuma.

"Nani ameamuru hivi? Nina watoto wenye vikohozi hapa. Mnakuja na ving'ora, hakuna anayenieleza kitu. Jengo hili lina vibali vyote."

"Subiri kidogo, mama," alisema Vesela. Alimfungua Minchev pingu. "Ingia. Sajini na mtu wa zimamoto watakuwa nawe. Ukitoka utasema ulichokiona. Chote."

Injinia aliingia. Zhekov alibaki amesimama kando ya gari, mikono imefungwa mbele yake. Watoto walimtazama kwa udadisi. Msichana mmoja alimuuliza kama yeye ni mwizi.

Minchev alitoka akiwa na chokaa kwenye nywele na magotini. Alimtafuta Vesela kwa macho, lakini Vesela alimwonyesha mwalimu kwa kidole.

"Mwambie yeye. Kwa sauti. Wasikie wote."

Minchev alimgeukia mwalimu.

"Mimi ndiye injinia wa jengo hili," alisema. "Juu ya mlango wa chumba cha kulala kuna ufa unaoingia kidole. Boriti imekwisha kuinama. Asirudi mtu ndani, wala kufuata viatu."

"Ufa huo una muda gani?" aliuliza mwalimu mkuu.

"Sijui, mama. Sikuwahi kuja kutazama."

Mwalimu alimtazama kuanzia chokaa ya kichwani hadi ya magotini. Hakumtukana. Aliinama, akamnyanyua mtoto aliyekuwa na soksi tupu, akamfunga vizuri blanketi, akampa injinia mgongo. Halafu akaanza kuita majina, moja moja, akisubiri kila mtoto ajibu kabla ya kwenda kwa mwingine.